Maji ya Kila Asubuhi

Tukisema "sisi" katika makala haya tunamaanisha watu wawili, mchungaji na mkewe, wakaao katika nyumba ya usharika hapa Mdandu. Mmoja ameandika, mwingine amesahihisha, na kosa tutakalolisimulia tulilifanya wote wawili kwa bidii sawa. Kijana wetu, ambaye habari hii inamhusu kuliko sisi, ameisoma kabla ya kuchapishwa. Ametupa ruhusa kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, na tusimfanye aonekane mtakatifu.

Jambo lenyewe lilianza kama mchezo. Mwaka 2023, Mama mchungaji alirudi kutoka mkutano wa akina mama huko Njombe akiwa amepakata, ndani ya kosta, mimea mitatu midogo iliyopandwa katika vikombe vya mtindi. Mmoja ulikuwa kama waridi la kijani lililochongwa kwa nta. Wa pili ulikuwa na majani membamba yaliyochongoka, yenye mistari myeupe kama ya punda milia. Wa tatu ulikuwa na majani mapana yenye meno meno pembeni, na kichala cha maua mekundu. Vijana wanaiita sakulenti: mimea ya majani manene, ambayo jani lenyewe ndilo ghala la maji. Asili ya ule wa kwanza ni Mexico, wa pili Afrika Kusini, wa tatu Madagaska. Yote mitatu ilienea juu ya Biblia moja iliyofungwa, na bado nafasi ikabaki.

Bibi mmoja wa mtaa wa jirani alikuja kuleta maharage, akaiona dirishani.

"Kamwene, Mama mchungaji. Hii ni mboga gani?"

"Si mboga, Bibi."

"Basi ni dawa."

"Wala si dawa."

"Sasa inafanya nini hapa?"

"Inakaa tu, Bibi."

Alicheka mpaka tukamletea kigoda. Tunamwelewa. Huku kwetu kitu kinachomwagiliwa ni kitu kitakacholiwa au kitakachouzwa, na mvua yenyewe huja mara moja kwa mwaka, Novemba hadi Aprili, kisha hukatika. Kumwagilia pambo ni anasa. Lakini sisi tulikuwa tumeanza kuipenda ile mimea, na ukishapenda hujali kuchekwa.

Tuliimwagilia kila asubuhi baada ya sala. Yaani mmoja wetu aliimwagilia baada ya sala, na mwingine, asijue, aliimwagilia tena saa nne. Jani likilegea tuliongeza maji. Likiwa njano tuliongeza na mbolea ya kuku. Udongo tuliotumia ulikuwa huu wetu mwekundu unaoshika maji kama chungu, na vikombe havikuwa na tundu hata moja chini. Halafu ukaingia mwezi wa sita na baridi yake. Katika wiki ya tano lile waridi la nta likaanza kung'aa kama kitunguu kilichochemshwa. Tulipolishika ili kuligeuza, majani yalibaki mkononi na shina likabaki kwenye tope, likinuka. Wa pili tuliukuta hauna mizizi kabisa. Iliyokuwepo ilikuwa imeoza na kuwa uji mweusi.

Kiswahili kina utani wake: ua ni hili la dirishani, ua ni uzio, na ua ni kutoa uhai. Nyuma ya nyumba yetu kuna ua la minyaa ambalo lilipandwa kabla hatujahamia hapa. Mnyaa nao ni jamaa wa mimea hii inayojitunzia maji. Hakuna mchungaji aliyewahi kuumwagilia, wala kuuombea. Unasimama kiangazi chote, kijani, unazuia mbuzi.

Wengi wanadhani mmea unaokufa kwa maji umeshiba kupita kiasi. Sivyo. Mizizi inapumua. Kati ya chembe za udongo kuna vijinafasi vya hewa, na maji yakikaa humo muda mrefu hewa inatoka, mzizi unakosa pumzi, kisha kuvu huja kuumalizia. Mmea wetu haukuvimbiwa, ulizama. Na dalili ya kwanza ya kuzama ni jani kulegea, ambayo kwa macho ya mgeni ni sawasawa na dalili ya kiu. Kwa hiyo kadiri tulivyouzamisha ndivyo ulivyotuomba maji, au ndivyo sisi tulivyosikia.

Kijana wetu alikuwa na miaka 17. Alisimama mlangoni akatazama kile kikombe cha tatu. "Huu nao mtauzamisha," alisema. "Nipeni mimi." Akaupeleka chumbani kwake, akatoboa kopo la Blue Band kwa msumari, akaweka mchanga mnene wa mtoni na changarawe, akaupanda. Wiki tatu hakuupa hata tone. Tulipita mara nyingi mbele ya mlango ule tukiwa na kikombe mkononi, tukajizuia kwa sababu tu mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa inatupasa kusema kijana huyu ni nani. Mama yake alikuwa mdogo wake Mama mchungaji. Alifariki mwaka 2012, mtoto akiwa na miaka sita, akaletwa kwetu na mfuko mmoja wa nguo. Mkoa wa Njombe una sifa ambayo hakuna anayeitaka. Katika tafiti za kitaifa za Virusi vya Ukimwi, kiwango cha maambukizi kwa watu wazima hapa kilikuwa asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011–12, asilimia 11.4 katika ule wa 2016–17, na asilimia 12.7 katika ule wa 2022–23. Wachungaji wa huku tunazijua asilimia hizo kwa sura na kwa majina ya ubatizo. Mtoto alikuwa amezaliwa na virusi. Alianza dawa, akakua, akapata kipaimara, akacheza mpira. Kidonge kimoja kwa siku, saa mbili usiku.

Saa mbili usiku katika nyumba yetu ilikuwa ibada ya pili. Kengele ya simu ililia. Mmoja wetu alileta maji, mwingine alileta kidonge. Tulimtazama akimeza. Kisha tulimwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Jumamosi tulihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kichupa na kuandika kwenye daftari. Akichelewa kutoka mpirani tulimpigia simu mara tano. Akikohoa tulitazamana. Tulifanya hivyo alipokuwa na miaka saba, na hapo ilikuwa halali na lazima. Tuliendelea kufanya hivyo alipokuwa na miaka 17, ndevu zimeanza kumtoka.

Septemba mwaka ule kipimo cha wingi wa virusi kikaja kimepanda. Muuguzi wa kliniki alitazama karatasi, akatuomba tutoke nje. Tukakaa kwenye benchi karibu saa nzima, mchungaji na mkewe, tukipokea salamu za washarika na kuitikia "Amina" kana kwamba tumekuja kutembelea wagonjwa. Alipotuita ndani alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Mchungaji, huyu kijana anaishi na VVU, na anaishi na ninyi. La kwanza amelizoea."

Alikuwa anaviweka kati ya shavu na fizi, anatoka nje kama anakwenda msalani, anavitema nyuma ya minyaa. Si kila siku, lakini mara nyingi vya kutosha. Tukamuuliza kwa nini, na sauti ya mmoja wetu haikuwa ya kichungaji. Alijibu akitazama sakafu: "Kila siku saa mbili mnanikumbusha mama alivyokufa."

Usiku ule hatukulala, na kabla ya alfajiri tulikuwa tumeambiana jambo ambalo kwa miaka 11 hatukuwa tumelisema. Mwaka aliokufa, mama yake alikuwa safari ya siku moja tu kutoka kwetu. Tulisikia anaumwa. Dawa zilikuwepo, na bure, kama zilivyo nchini tangu 2004. Yeye alijificha kwa aibu, nasi tukaahirisha safari: kwanza kulikuwa na semina, kisha Pasaka, kisha mavuno. Tulifika siku ya maziko, na mmoja wetu akahubiri. Tangu hapo tulikuwa tunamlipa marehemu deni lake kupitia kwa mtoto, kidonge kwa kidonge. Hatukuwa tunamtazama kijana yule alipoinua ulimi. Tulikuwa tunajitazama sisi, tukihakikisha kwamba safari hii hatuna lawama.

Hapo ndipo lipo swali tunalotaka kuliweka mbele ya msomaji. Upendo unaweza kuwa wa kweli, wenye machozi na gharama, na bado ukawa unamnyima mtu pumzi. Tutajuaje? Jani lililolegea linasema kiu au linasema kuzama?

Wazee wa kanisa wawili tuliowashirikisha walitupa methali: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri kwa kazi yake, ila tuseme ukweli kwamba samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Tulirudi badala yake kwenye Luka sura ya 10, kwa Msamaria, ambaye tumemhubiri mara zisizohesabika, na tukaona kitu ambacho hatukuwahi kukihubiri. Msamaria aliondoka. Alifunga majeraha kwa mafuta na divai, alimpandisha mtu yule juu ya mnyama wake, alimtunza usiku ule katika nyumba ya wageni. Kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akaendelea na safari yake. Hakuketi kitandani akikagua vitambaa. Tofauti yake na kuhani na Mlawi si kwamba wao walikwenda zao na yeye akabaki. Wote watatu walikwenda zao. Yeye aligusa kwanza, akakabidhi, na akaahidi kurudi.

Muuguzi alitutaka tufanye karibu hivyo hivyo. Kichupa akapewa kijana mwenyewe. Kengele akaiweka kwenye simu yake, saa aliyoichagua yeye. Akaingizwa katika kikundi cha vijana wenzake pale kliniki. Sisi tukaruhusiwa kuuliza mara moja kwa wiki, siku ya Jumapili baada ya ibada, na jibu lolote tutakalopewa tulipokee. Tarehe ya kurudi kupima ikaandikwa.

Hatutaki kudai kwamba mmea ndio uliotufundisha. Aliyetufundisha ni muuguzi. Mmea ulitufaa baadaye, tulipobaki na mikono isiyo na kazi na hofu isiyo na mahali pa kwenda. Kijana alituletea ule wa tatu, mzima, umeshika mizizi, akauweka dirishani na kusema tujaribu tena. Basi tukajifunza upya, kwake, kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Ingiza kidole mchangani mpaka kifundo cha pili. Kama pana ubichi wowote, ondoka. Inua kopo, kopo jepesi lina kiu, zito halina. Ukimwagilia, mwagilia kweli, mpaka maji yatoke kwenye matundu, kisha usahau. Wiki mbili au tatu. Mwezi wa sita na wa saba, karibu usimwagilie kabisa. Usiku usogeze mbali na kioo kwa sababu ya baridi. Kwa wengine haya ni maelezo ya bustani. Kwetu yalikuwa mfungo, na mgumu kuliko wa Kwaresima, maana mfungo wa chakula unaumia wewe, huu unatazama mwingine akinywea kidogo na hufanyi kitu.

Kuna jambo la mimea hii ambalo linatustaajabisha bado. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana, ikavuta hewa inayoitumia kutengeneza chakula, na kwa kufungua hivyo hupoteza maji juani. Hii hufanya kinyume. Mchana imejifunga kabisa. Usiku, kukiwa na ubaridi, hufungua, hukusanya hewa ya kaboni na kuihifadhi ndani ya jani kama uchachu, na kesho jua likitoka huutumia uchachu huo nyuma ya milango iliyofungwa. Benjamin Heyne, mmisionari wa Kimoravian aliyekuwa mtaalamu wa mimea kule India, alitafuna majani ya mmoja wa mimea hii asubuhi akayakuta machachu, akayatafuna mchana akayakuta hayana ladha. Barua yake juu ya jambo hilo ilichapishwa London mwaka 1815. (Tumewatania ndugu zetu Wamoravian, waliopo Rungwe tangu 1891, kwamba mtu wao alipaswa kuwa mhubiri lakini alikuwa anakula maua.) Kazi kubwa ya mmea, basi, hufanyika wakati mwenye mmea amelala. Ukiamka usiku na taa kuutazama, huoni chochote.

Katika Marko sura ya 4 Bwana anasimulia juu ya mtu aliyemwaga mbegu, akawa analala na kuamka, na mbegu ikamea yeye asijue ni kwa namna gani. Ni mfano mfupi, Marko peke yake anao, na wahubiri tunauruka kwa sababu hautupi la kuwaambia watu wafanye. Luther hakuuruka. Machi 1522 aliporudi Wittenberg kutoka maficho ya Wartburg, alikuta wenye bidii wakivunja sanamu na kuwasukuma watu kwa nguvu waingie katika matengenezo. Alihubiri siku nane mfululizo, na katika mahubiri hayo alisema kwamba yeye alihubiri na kuandika tu, kisha wakati amelala, au anakunywa bia ya Wittenberg na Melanchthon na Amsdorf, Neno lenyewe ndilo lililofanya yote. Wazee wetu wa kanisa, katika nchi hii ya ulanzi, wangependa tuiache sehemu ya bia. Hatuwezi, kwa kuwa ndiyo hoja yenyewe. Mtu aliyewekwa kinyume na papa na kaisari aliona kwamba kupumzika mezani na rafiki ni ungamo la imani: Mungu anafanya kazi na mimi sipo.

Hili linatugusa pia kama kanisa, si kama wazazi tu. Tumewahi kuwaita yatima mbele ya madhabahu wapokee daftari na sabuni, tukapiga picha, tukawaita tena Krismasi. Tumewahi kwenda nyumba ya mjane kila jioni ya wiki za mwanzo, tukiimba mpaka usiku, asipate hata saa moja ya kulia peke yake, na baada ya arobaini tusionekane tena mwaka mzima. Kupitiliza na kutelekeza ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanatazama saa ya mtoaji.

Lakini tusijirahisishie. Kuna swali ambalo mimea haiwezi kulijibu, maana sakulenti ikifa, Bibi anacheka na maisha yanaendelea. Tulimkabidhi kijana wa miaka 17 dawa ambayo akiiacha atakufa, tukijua alikwisha kuitema. Vipi kama angeiacha kabisa? Je, mzazi ana haki ya kuacha mkono, mahali ambapo kosa la mtoto halina marekebisho? Tumebishana sana juu ya hili. Mwandishi anaamini kwamba tulipaswa kufanya vile, na kwamba hata mambo yangekwenda vibaya tungekuwa tumefanya sawa, kwa kuwa uhai unaolindwa kwa kuinuliwa ulimi kila usiku ungefika siku ukajikomboa kwa njia yoyote ile. Msahihishaji amesoma sentensi hiyo mara tatu, na anaomba iandikwe kwamba yeye hajaitia sahihi. Yeye ndiye aliyemzika mdogo wake.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ndefu. Jumapili ya kwanza tulipouliza, alisema, "Niko sawa." Ya pili alisema, "Jana nilisahau, nikakumbuka saa nne." Hatukuwahi kuambiwa kitu kama hicho katika miaka yote ya daftari. Kipimo cha Machi 2024 kilikuja kimeshuka. Cha mwisho, virusi havionekani.

Sasa yuko chuo cha ufundi, anajifunza umeme, anarudi nyumbani Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Makopo dirishani yamefika kumi na moja. Mengi yametokana na majani. Jani likianguka unalilaza juu ya mchanga mkavu, huligusi, na baada ya wiki kadhaa huchomoza vijizizi vyekundu na mmea mdogo kama punje ya mtama, ambao unakunywa maji yote ya jani lililouzaa hadi lenyewe linanyauka kama karatasi. Kijana alituonyesha wa kwanza uliofanikiwa. Alikaa akiutazama muda mrefu, hakusema neno, nasi tukanyamaza.

Alipoondoka mara ya kwanza alibandika karatasi kwenye kioo: MSIGUSE. NITARUDI JUMAMOSI. Bado ipo. Na kengele ya saa mbili usiku bado ipo kwenye simu yetu; hakuna kati yetu aliyeifuta. Ikilia tunaizima. Hatumpigii. Mmoja wetu husimama dirishani na kutia kidole kwenye mchanga wa kopo moja, kisha huenda kunawa mikono.